Kamera inaona macho ya shofa, haioni saa zake za kazi

Siku ile tulikuwa Bangboka kusindikiza wenzetu watatu waliokuwa wanapanda ndege kwenda Kinshasa, halafu Lubumbashi, na kutoka kule Kolwezi kwa barabara. Wote watatu ni mashofa wa kamyo kubwa za mines. Kabla hawajaingia ndani, tulisimama chini ya mti juu ya jua kali, na kijana mmoja akatoa simu atupige foto. Tulikuwa watu saba. Simu ikaanza kuweka visanduku vidogo vya njano kwenye nyuso zetu, sawa vile simu zinafanyaka siku hizi. Tukahesabu visanduku: vinne. Watatu waliokuwa weusi zaidi, tena wamesimama kwenye kivuli kizito, simu haikujua kama ni watu.

Tulicheka sana. Mmoja wa wasafiri akasema: "Kama simu hainioni hapa mchana, ile kamera ya ndani ya kamyo itanionaje usiku?" Hapo kicheko kikapungua, juu wote tulijua anaongea kamera gani.

Sisi wa sendika tumezoea kuongea mshahara, bottes, kofia ya kazi, hopitali ya watoto, usafiri. Mambo ya kamera na informatique tuliyaacha kwa mainjinia. Tunaona sasa kwamba tulikosea. Mashine inayoangalia iko tayari kazini, iko kwenye simu ya mama wa soko, iko kwenye shamba la mihogo, iko kwenye mlango wa kampuni ambapo tunaweka kidole asubuhi. Haikungoja sendika ielewe kwanza.

Tuanze na namna inavyoona, bila maneno mengi. Mashine haina jicho, iko na namba. Foto yoyote imegawanywa katika viwanja vidogo sana, na kila kiwanja ni namba: penye giza namba ndogo, penye mwangaza namba kubwa. Mwaka 2001 watafiti wawili waliokuwa wanafanya kazi Marekani, Paul Viola na Michael Jones, walionyesha njia ya haraka ya kutafuta uso ndani ya zile namba. Sehemu ya macho kwa kawaida ina giza kuliko mashavu. Mgongo wa pua una mwangaza kuliko macho pembeni yake. Mashine inapitapita foto nzima ikitafuta mpangilio huo wa giza na mwangaza, ikiupata inaweka kisanduku. Njia ile ilikuwa nyepesi, ikaingia hata kwenye vyombo vidogo vya kupigia foto. Lakini weka mtu mweusi sana chini ya mwembe, tofauti kati ya macho na mashavu inapungua, na mashine inapita kama imepita ukuta.

Simu za leo zina njia nyingine. Mashine inaonyeshwa foto maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwa imeandikwa "huyu mtu", "hii gari", "hii mbwa", mpaka inajifunza yenyewe. Ni bora kuliko ya zamani, hatukatai. Ila inajua tu kile ilichoonyeshwa. Mwaka 2018 wanawake wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za kampuni tatu kubwa zilizokuwa zinauzwa kwa kazi ya kuangalia uso na kusema kama ni mwanaume ama mwanamke. Kwa wanaume wa ngozi nyeupe makosa hayakufika hata 1 kwa 100. Kwa wanawake wa ngozi nyeusi, programu moja ilikosea karibu mara 35 kwa 100. Kampuni zilirekebisha baada ya kuaibishwa. Na karibu na Detroit, Januari 2020, baba mmoja mweusi alikamatwa na polisi mbele ya mke na watoto wake, juu kompyuta ilisema uso wake unafanana na wa mwizi wa saa dukani. Hakuwa yeye. Alilala kizuizini kabla mtu hajachukua ile foto, akaiweka karibu na uso wake, na kuona kwa macho ya kawaida kwamba ni watu wawili tofauti.

Tusije tukaonekana kama tunataka kuvunja mashine. Kuna jicho moja tungependa kila kijiji cha barabara ya Ituri kiwe nalo. Linaitwa Nuru, na lilitengenezwa na watu wa PlantVillage, wa chuo kikuu cha Penn State huko Marekani, pamoja na IITA, wale watafiti wa kilimo ambao mihogo yao inajulikana mpaka hapa Tshopo. Unafungua simu ya Android, unaielekeza kwenye jani la muhogo, inakuambia kama ni mosaïque, kama ni ule ugonjwa wa kuozesha muhogo ndani ya udongo ambao Wafaransa wanaita striure brune, ama kama ni wadudu wadogo wa kijani. Inaongea Kiswahili. Na kitu kikubwa kwetu: inafanya kazi bila mtandao. Wanaojua namna mtandao unavyokatika ukishapita Bangboka kidogo tu wataelewa kwa nini tunasema hivyo.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulilinganisha Nuru na watu. Wakulima wenyewe walitambua ugonjwa kwa usahihi wa 18 mpaka 31 kwa 100. Wamoniteri wa kilimo, 40 mpaka 58. Nuru ilipata 65, na ukiionyesha majani sita ya mti mmoja badala ya moja, ilipanda mpaka kati ya 74 na 88. Angalia vizuri hiyo hesabu. Hata jicho zuri hivyo, kwa jani moja linakosea mara moja kati ya tatu. Mkulima mwenye akili haling'oi shamba lake lote kwa jani moja. Anaonyesha majani sita, anaita jirani, anachimba muhogo mmoja aone mzizi, halafu anaamua mwenyewe kama atachoma ile miti na kutafuta miti safi ya kupanda. Jicho liko mkononi mwake, likikosea hakuna mtu anayemwandikia barua.

Kwenye mines mambo ni kinyume.

Ile kamera wenzetu waliyokuwa wanaongea inakaa kwenye dashboard, mbele ya shofa. Caterpillar, ambao kamyo zao za njano kila mchimbaji anazijua, walianza mwaka 2013 kuuza mfumo huo pamoja na kampuni ya Australia inayoitwa Seeing Machines, na leo watengenezaji wengine wanazo za kwao. Inatumia mwanga ambao jicho la mtu halioni, kwa hiyo giza si shida kwake, na hata miwani mingi haiizuii. Inafuata kope, mboni na namna kichwa kimekaa. Kope zikifunga kupita muda uliowekwa, kiti kinatetemeka na kengele inalia. Wakati uleule kipande kidogo cha video kinatumwa kwenye ofisi ambako mtu anakiangalia na kuamua: alilala, hakulala, alikuwa anaangalia simu.

Tuseme ukweli: tunaitaka hiyo kengele. Kamyo moja ya mgodi inabeba tani 90, 100, nyingine zaidi ya hapo. Shofa akisinzia sekunde tatu kwenye mteremko, gari ndogo iliyo mbele inakuwa bati. Tumeshazika watu kwa sababu hiyo, na hakuna delegue wa sendika anayeweza kusimama mbele ya mjane kusema kengele ni adui. Kiti kikimwamsha mtu akarudi nyumbani kwa watoto wake, mashine imefanya kazi nzuri.

Shida inaanza baada ya kengele. Mwenzetu mmoja, hatutataja jina lake wala kampuni, alipata "demande d'explication" asubuhi alipokuwa anashuka kwenye kamyo. Ndani iliandikwa kwamba amelala akiendesha, na ushahidi ni video. Walimwonyesha. Ilikuwa sekunde chache: uso wa mtu, kope zinashuka, kichwa kinaenda mbele kidogo. Kwa kweli alikuwa amesinzia, yeye mwenyewe hakukana. Delegue wetu aliyeingia naye hakupigana na video. Aliomba kitu kimoja: karatasi ya zamu zake za wiki mbili. Ilichukua muda mpaka ikaletwa. Ile ilikuwa usiku wake wa tisa mfululizo, saa kumi na mbili kila usiku, na siku moja katikati aliitwa mchana kwa mafunzo ya usalama. Tunasema mafunzo ya usalama, jamani.

Kodi yetu ya kazi, Sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inaweka saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kampuni zina njia zao za kupanga zamu na kulipa saa za ziada, na kuna wanaofuata mpaka mstari wa mwisho wa sheria. Lakini ile video haikusema neno juu ya saa. Kamera iliona macho, haikuona usiku nane uliotangulia. Ikafanya kosa la aliyepanga zamu lionekane kuwa kosa la anayeshika usukani. Mwenzetu hakufukuzwa, alipewa karipio la maandishi, na karipio hilo bado liko ndani ya dosie yake mpaka leo.

Mwingine alitusimulia kengele inayolia kila akiangalia kioo cha upande. Kule kwenye kazi, shofa asipoangalia kioo ni shofa mbaya. Mashine iliandika "distraction". Akajifunza kugeuza macho tu bila kichwa. Anafanya kazi vibaya zaidi ili mashine imwone mzuri. Mambo kama hayo mainjinia hawayaoni kwenye ripoti zao, unayajua ukikaa na mashofa wakinywa chai.

Na kuna kidole. Wengi wetu tulipita kwenye kuchimba kabla ya kuingia kampuni, na mtu aliyeshika pauni na jiwe miaka kumi, ama aliyeosha madini kwa asidi, ngozi ya vidole imelika. Mashine ya pointage inasoma mistari ya kidole, sawa vile CENI ilichukua vidole na nyuso za watu karibu milioni 44 kwa uchaguzi wa Desemba 2023. Kama mistari imelika, mashine inasema haikujui. Unapangusa kidole, unatia mate, unarudia, nyuma yako mstari unapiga kelele. Ukichelewa dakika ishirini unakatwa. Mtu anakatwa mshahara juu ya mikono iliyoharibika kazini! Sasa tunasikia mahali fulani wanataka kuacha kidole na kuweka uso. Turudi basi chini ya ule mti wa Bangboka, kwenye visanduku vinne.

Watu wanauliza: nani alifundisha hizi mashine? Jibu linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Benki kubwa ya foto iliyofungua njia mwaka 2009, inayoitwa ImageNet, baadaye ilifikia foto zaidi ya milioni 14, na waliozipanga na kuziandika majina walikuwa watu 49,000 hivi wa nchi 167, wakilipwa senti kwa senti kwenye intaneti. Leo kazi hiyo inafanyika pia jirani kwetu, Nairobi, na Gulu kule Uganda. Vijana wanakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima wakichora mstari kuzunguka kila mtu, kila gari, kila mti ndani ya foto, ili gari la Marekani lijue kusimama mbele ya mtoto anayevuka. Wengine walikuwa wanachuja picha na video za kutisha ili sisi tusizione kwenye Facebook. Januari 2023 gazeti Time la Marekani liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wanasoma na kupanga maneno machafu kwa ajili ya OpenAI walikuwa wanapata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Hiyo ilikuwa kazi ya maandishi, ya picha ni ndugu yake.

Sasa sikilizeni, wandugu wa sendika. Tarehe 1 Mei 2023, siku yetu sisi wafanyakazi, zaidi ya watu 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha sendika yao. Waliambiwa mwajiri wao ni kampuni ndogo, kwamba Meta, mwenye Facebook, hayuko Kenya na hashtakiwi Kenya. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya Nairobi ikasema kesi inaweza kusikilizwa palepale. Sisi tunajua wimbo huo wa "mimi si mwajiri wako, nenda ukaone sous-traitant". Tunaucheza Kolwezi kila mwezi. Kwa hiyo mashine ya kuona imefungwa na Waafrika kwenye ncha zote mbili: kobalti ya betri ya simu, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya dunia nzima inatoka kwetu, na macho ya vijana wa Nairobi walioifundisha. Halafu inarudi kukaa juu ya dashboard kumwangalia shofa wa Lualaba.

Wengine watatuambia shofa mwenyewe ataondoka, kwa nini kubishana juu ya kamera. Kibali, kule Haut-Uélé, mgodi wa dhahabu wa Barrick na AngloGold Ashanti ambao Leta kupitia SOKIMO ina 10 kwa 100, tayari chini ya ardhi kuna mashine za kubeba mawe zisizo na mtu ndani. Zinajiongoza kwa mwanga wa laza unaopima kuta, na mtu mmoja anakaa juu, kwenye kiti, mbele ya skrini, akiangalia kadhaa kwa mara moja. Ni kweli, na ni salama zaidi kwa huyo mmoja. Juu ya wale wengine tutaandika siku nyingine, ni mambo marefu. Lakini mpaka siku hiyo ifike, maelfu bado wanashika usukani usiku, na yule anayekaa mbele ya skrini naye atawekewa kamera ya macho, mtaona.

Kitu tunachotaka kiingie kwenye convention collective ijayo si kigumu. Kabla kamera haijafungwa, délégation ya sendika iambiwe inarekodi nini, video inaenda wapi, inakaa siku ngapi, nani anaiangalia. Code du numérique ya 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu, na uso wake na kidole chake ni habari zake. Kusema "alisaini siku ya kuajiriwa" hakutoshi, juu siku ya kuajiriwa mtu mwenye njaa anasaini chochote. Video isitumike peke yake kumwadhibu mtu: iletwe pamoja na zamu zake za siku 14 na saa zake za kupumzika, na saa nzima ya video, si sekunde zilizochaguliwa. Kengele ya kwanza iende kwa shofa na kwa mkuu wa zamu ili ampumzishe, isiende kwenye ofisi ya personnel. Na mahali pa kidole ama uso, daftari la karatasi libaki pembeni, na asiyesomwa na mashine asikatwe hata dakika moja.

Tena kuna ombi ambalo waajiri hawalipendi kabisa, na kwetu ndilo kubwa. Hesabu ya kengele zote za mwezi, bila majina, ipelekwe kwenye comité ya usalama, usafi na urembo wa mahali pa kazi, ambayo sheria tayari inaitaka. Kengele ngapi, saa ngapi za usiku, usiku wa ngapi wa zamu. Kama zinarundikana saa tisa mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa watu walio kwenye usiku wa saba, wa nane, wa tisa, basi ile kamera itakuwa imeangalia upande wa pili, upande wa anayepanga zamu. Mashine ni ileile, waya ni ileile, bei haiongezeki hata franka moja.

Tumeandika barua ya mfano ya kuomba hesabu hiyo. Wenzetu watatu waliopanda ndege Bangboka waliondoka nayo ndani ya begi. Ma-delegue wengine wanaoitaka waje wachukue kopi, na waje na zamu zao za miezi mitatu, juu bila karatasi hizo barua haina meno.